Kikapu cha Bi Mkubwa na Maji ya Nakuru



Kwa muda mrefu ukurasa huu umezungumzia urembo wa asili kwa kuyaangalia yale yaliyo karibu nasi: liwa inayosagwa juu ya jiwe, hina ya majani, mafuta ya nazi yanayopikwa nyumbani, singo ya maharusi, na mswaki unaouzwa milangoni mwa misikiti. Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuupandishe ukurasa bara, hadi Nakuru na Bonde la Ufa, ambako tulikwenda likizo ya Aprili kumzuru dada yetu mdogo. Tuliondoka Mombasa tukiamini kwamba tunapeleka dawa. Haikuwa hivyo, na tumeona ni haki tuwasimulie.

Dada yetu aliolewa Nakuru miaka kumi na miwili iliyopita. Mwenyezi Mungu amemruzuku watoto wawili: binti wa miaka tisa, na mvulana ambaye wakati wa safari yetu alikuwa na miezi mitano. Binti huyo kila ajapo pwani hupendwa kwa adabu zake na kwa sauti yake nzuri ya kusoma Qur'ani. Lakini lilikuwapo jambo moja lililomsumbua nyanya yake, mama yetu, ambaye wajukuu wote humwita Bi Mkubwa. Meno ya mbele ya mtoto, tangu yalipoota yale ya ukubwani, yana mistari na mabaka ya hudhurungi, mfano wa kikombe cha chai kisichosuguliwa. Bi Mkubwa alikwisha kulihukumu jambo hilo. Kwake yeye, mtoto mwenye meno ya namna ile ni mtoto asiyesimamiwa na mamake. Aliyasema hayo kwa simu mara nyingi, na siku moja, kwa bahati mbaya, akayasema arusini mbele ya wanawake wenziwe. Dada yetu hakumjibu mamake, kwani ndivyo tulivyolelewa. Ila tokea siku ile simu zake zilipungua.

Basi Bi Mkubwa alipoazimia kwenda Nakuru mwenyewe, sote tulijua anakwenda kufanya kazi gani. Kikapu chake cha ukindu kilijaa miswaki mibichi iliyofungwa kwa kitambaa chenye unyevu, mkaa wa vifuu uliosagwa ukachekechwa, chumvi ya mawe, ndimu za shambani, karafuu, chupa mbili za mafuta ya nazi, na liwa kwa ajili ya ngozi ya dada yetu, aliyesikika akilalamika kwamba baridi ya bara imempasua miguu.

Tulipanda treni hadi Nairobi, tukalala huko, na asubuhi tukashika njia ya magharibi. Asiyepata kuliona Bonde la Ufa na afahamu kwamba halitokei polepole. Mtu husafiri baina ya mashamba ya chai na viazi vya Limuru, kisha ghafla nchi hukatika upande wa kushoto, na macho yakateremka mbali chini kwenye uwanda wa rangi ya majani makavu, huku mlima Longonot umesimama peke yake katikati kama chungu kilichovunjika mdomo. Tukapita Naivasha, ambako maji ya ziwa ni baridi na matamu. Kusini ya ziwa hilo iko Olkaria, panapochimbwa mvuke wa ardhini wa kuzalishia umeme tangu mwaka 1981. Jina hilo ni la Kimaasai, nalo lahusu udongo mwekundu, ule ambao Wamaasai huuchanganya na mafuta wakajipaka nywele na mwili. Bi Mkubwa alifurahi kusikia kwamba pahali pazima pameitwa kwa jina la kipodozi. Akasema kumbe watu wa bara nao wana liwa yao.

Baada ya Gilgil hutokea Ziwa Elementaita, na mbele yake Ziwa Nakuru. Pamoja na Ziwa Bogoria lililoko kaskazini zaidi, maziwa haya matatu yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Maji yake ni ya magadi, nayo hustawisha vijimea vidogo ambavyo ni chakula cha heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi. Tuliyaona maziwa hayo kupitia dirisha la gari, yakimeta chini ya mawingu ya mvua za masika, tukasema subhanallah, wala hatukujua kwamba jibu la jambo lililotuleta lilikuwa ndani ya maji yale.

Nyumba ya dada yetu iko kitongojini, nje ya mji. Nakuru iko kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kwanza tulipata somo dogo la kuchekesha: Bi Mkubwa alipofungua chupa ya mafuta ya nazi ili ajipake baada ya kutawadha, hayakumiminika. Yalikuwa yameganda meupe kama mafuta ya kondoo. Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, na huko usiku joto hushuka chini sana ya hapo. Hayajaharibika, hutosha kuiweka chupa ndani ya maji ya moto. Lakini mtu aliyezowea kuyamimina kiganjani huona kana kwamba ameletewa kitu kigeni.

Jirani wa dada yetu, bibi mmoja wa Kikikuyu mwenye umri sawa na Bi Mkubwa, alikuja kutuamkia, wakawa marafiki papo hapo. Alituambia kwamba zamani bibi zake walijipaka mafuta ya mbarika, na siku za sherehe wakayachanganya na udongo mwekundu. Mbegu ya mbarika yenyewe ni sumu kali, asiachiwe mtoto kuichezea. Sumu hiyo haimo katika mafuta yaliyokamuliwa na kutayarishwa ipasavyo. Siku hizi, alisema akicheka, ngozi za watu wa huku zinaokolewa na mafuta ya kukamulia ng'ombe, yale mazito ya kopo, yanayozuia chuchu za ng'ombe zisipasuke. Bi Mkubwa alistaajabu, kisha akajipaka visiginoni, na asubuhi akakiri kwamba yanafaa. Hewa ya nyanda za juu ni kavu na ya baridi, na ngozi inahitaji kitu kizito cha kuuzuilia unyevu. Liwa yetu, ambayo kwenye joto la Mombasa hupoza na kunukisha, kule ilizidi kumkausha dada yetu ngozi.

Hayo yalikuwa mambo mepesi. Zito lilianza siku ya pili.

Kila asubuhi baada ya Alfajiri, Bi Mkubwa alimkalisha mjukuu wake uani juu ya kibao. Kwanza mswaki. Kisha mkaa wa vifuu kwa kidole. Kisha ndimu na chumvi. Mtoto hakulia, alifumba macho na kuishika kanzu ya nyanya yake kwa mikono miwili. Siku ya nne ufizi ulitoka damu, na mabaka yalikuwa pale pale. Tulimwona dada yetu amesimama mlangoni na mtoto mchanga begani, akitazama, kisha akaingia ndani bila ya kusema neno. Nasi tuliokuwa watu wazima katika nyumba ile hatukusema neno vilevile, na jambo hilo tunalijutia. Tuliona mtoto huyo anapocheka huuweka mkono mdomoni. Tulidhani ni haya za kike.

Bi Mkubwa akasema, basi mswaki tuliokuja nao umekauka njiani, haufai. Na kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba mswaki huota kwa wingi upande wa Baringo, akataka aupate uliochimbwa siku hiyohiyo, pamoja na asali ya huko na mshubiri. Shemeji yetu akakubali kutupeleka.

Kutoka Nakuru kwenda Marigat ni mwendo wa kiasi cha kilomita 100 kuelekea kaskazini. Njia hupita mashamba ya mkonge ya Mogotio, ikaikata ikweta, na kwa kadiri inavyoteremka ndivyo baridi inavyokwisha. Miti hugeuka kuwa migunga na vichaka, udongo ukawa mwekundu, na kandoni mwa barabara wakasimama wauza asali na chupa zao. Asali ya Baringo ina sifa nchini kote, nasi tulinunua. Lakini tukumbushane hapa jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, hata kwa ncha ya kidole, kwa sababu huweza kubeba vimelea ambavyo tumbo changa haliwezi kuvishinda. Tahniki ya mtoto na ifanywe kwa tende, kama ilivyopokewa.

Mshubiri nao tuliuona umeota penyewe juu ya mawe, majani manene yenye miba na maua mekundu. Sisi watu wa pwani tunaujua zaidi kwa uchungu wake. Husemwa kitu ni kichungu kama shubiri. Kuvuna mshubiri wa mwituni kulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1986, kwa kuwa watu waliing'oa mimea mpaka ikawa haba, na mwaka 2007 zikatungwa kanuni za kuuvuna na kuupanda kwa utaratibu. Koriema, karibu na Marigat, kilijengwa kiwanda cha kuusindika kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Mwenye kutaka kuutumia nyumbani ajue kwamba jani moja lina vitu viwili. Karibu na ganda mna utomvu wa manjano, na huo ndio shubiri yenyewe: huendesha tumbo, huwasha ngozi za baadhi ya watu, na mjamzito hapaswi kuunywa kabisa. Katikati mna ute mweupe kama kioo, na huo ndio unaopoza ngozi iliyounguzwa na jua. Jani likikatwa lisimamishwe kwanza utomvu utiririke wote, kisha lioshwe, ndipo ute utolewe.

Sokoni Marigat tulimkuta mama mmoja muuza miswaki, ameifunga mafungu mafungu na kuitandaza juu ya gunia. Bi Mkubwa akachagua iliyo laini, akamwita mjukuu wake na kumwambia afungue mdomo ili yule mama amwonyeshe ipi itakayoyatoa madoa. Yule mama akamtazama mtoto kwa muda. Kisha akauliza, "Nyanya, huyu mtoto anakunywa maji ya wapi?"

Bi Mkubwa akasema anakunywa maji ya kisima kirefu, safi, meupe, yanayotoka kwenye bomba.

"Basi usimsugue," yule mama akasema. "Hii si taka. Wangu watatu wako hivi hivi. Mimi ninauza mswaki na meno yao sijayatoa rangi. Nunua kwa kupiga mswaki, lakini kwa rangi hii sikuuzii."

Tulirudi Nakuru kimya. Njiani tulikuwa tumekusudia kupita Ziwa Bogoria kuziona chemchemi za maji yanayochemka, hakuna aliyekumbusha.

Siku ya pili yake dada yetu na mumewe walimpeleka binti yao kwa daktari wa meno, nasi tukafuatana nao. Daktari alikuwa mtu mpole, na alituambia kwamba maelezo yale huyatoa kila siku. Akatuonyesha kupitia dirishani mgongo wa Menengai, ule mlima ulioangukia ndani yake ukaacha shimo la upana wa takriban kilomita 12, ambalo mvuke hutoka humo mpaka leo. Bonde hili lote, akasema, limejengwa na moto wa ardhini. Miamba yake ina madini ya floraidi. Maji yanayokaa chini ya ardhi huyayusha madini hayo kidogo kidogo, na kisima kirefu hutoa maji ambayo macho huyaona safi na ulimi huyaona matamu, kumbe yamebeba kitu. Maziwa ya Nakuru na Elementaita, yale tuliyoyastaajabia dirishani, ni miongoni mwa maji yenye floraidi nyingi mno kati ya yaliyowahi kupimwa duniani. Hawanywi maji ya ziwa, lakini kisima na ziwa vyote hupata madini yake kwenye miamba ya namna moja.

Floraidi kidogo hulinda meno yasioze, ndiyo sababu hutiwa katika dawa za meno. Ikizidi ndiyo hudhuru. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa kila lita ya maji ya kunywa. Meno ya ukubwani hujengwa ndani ya ufizi miaka mingi kabla ya kuchomoza. Mtoto anapokunywa floraidi nyingi katika miaka minane hivi ya mwanzo ya umri wake, gamba gumu la jino hujengeka likiwa na kasoro, na likisha kuchomoza hushika rangi. Doa limo ndani ya jino lenyewe. Mswaki haulifikii. Mkaa hulikwaruza jino, ndimu hulila kwa ukali wake, na chumvi huuchubua ufizi. Mtoto akiwa mkubwa zaidi, zipo njia za kitabibu za kulipunguza doa au kulifunika. Kwa sasa apige mswaki kwa upole na aachwe acheke.

Daktari akaongeza kwamba kuyachemsha maji hakusaidii: kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi hubaki, na maji yakipunguka kwa mvuke huwa imezidi ndani ya yale yaliyosalia. Magadi yanayotiwa kwenye maharage na mbaazi ili yaive upesi nayo huongeza floraidi, jambo linalojulikana pia upande wa Arusha na Kilimanjaro nchini Tanzania, ambako miamba ni ya aina hiyohiyo. Na wanaokunywa floraidi nyingi mno kwa miaka mingi huweza kudhurika hata mifupa na viungo, wakakakamaa mgongo na magoti.

Bi Mkubwa alisikiliza yote hayo ameinamisha kichwa. Tulipofika nyumbani alikwenda jikoni alikokuwa dada yetu, akaufunga mlango. Waliyozungumza ni yao wawili. Tunalolijua ni kwamba alipotoka alimwita mjukuu wake, akamtaka radhi mbele yetu sote, yeye mtu mzima wa miaka sabini na mbili, na mtoto akawa hajui aangalie wapi. Kisha akakichukua kikapu chake, akatoa mkaa na ndimu akavimwaga chini ya mgomba.

Lakini alibaki mtoto wa miezi mitano. Meno yake yalikuwa bado yanajengwa ufizini, na mwezi mmoja baadaye angeanza kupewa uji. Uji huo ungepikwa kwa maji gani?

Alhamdulillah, hadi siku ile alikuwa amehifadhika. Maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo sana hata pale ambapo mama mwenyewe anakunywa maji yenye floraidi nyingi. Huu ni mmoja wa milango ya rehema ambayo Mola wetu ameifungua bila ya sisi kujua, na ni sababu nyingine ya kina mama kushikilia kunyonyesha tu kwa miezi sita ya mwanzo, na kuendelea hadi miaka miwili kwa anayeweza. Baada ya hapo ndipo maji yanapoingia.

Tukazichunguza njia. Ya kwanza ni chujio la mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa moto mkali wenye hewa chache, ikasagwa chenga chenga na kuoshwa. Maji yakipita humo floraidi hushikwa. Kazi hii imeendeshwa kwa miaka mingi mjini humo na Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru, na imezisaidia shule na nyumba nyingi. Chujio hilo hufanya kazi kweli, ila chenga huchoka, na lazima maji yapimwe mara kwa mara na chenga zibadilishwe. Bi Mkubwa akauliza swali ambalo wasomaji wetu wengi wangeliuliza: mifupa ya ng'ombe aliyechinjwa vipi? Wanazuoni wametofautiana juu ya mifupa ya mnyama asiyechinjwa kisharia, kwa hiyo anayetaka kutumia njia hii amuulize sheikh wake, na amuulize pia muuzaji mifupa imetoka wapi. Njia ya pili ni mitambo mikubwa ya kuchujia, ambayo maji yake huuzwa madukani kwa mitungi. Anunuaye ahakikishe kwamba yametolewa floraidi, kwani kuna yanayosafishwa vijidudu peke yake.

Tulikuwa tukizungumza hayo sebuleni, na nje mvua ikinyesha. Masika ya Nakuru hushuka alasiri, kwa ngurumo. Maji yalikuwa yakimwagika kutoka kwenye bati la paa pande zote nne za nyumba, yakichimba mfereji udongoni na kukimbilia barabarani. Bi Mkubwa alinyamaza akayasikiliza. Kisha akatuuliza mbona watu hawa wanayamwaga maji.

Yafaa tuwaambie kwamba mama yetu alizaliwa Kizingitini, kisiwani Pate. Huko visima vina chumvi, na wazee wetu walijenga majabia: viwanja vilivyosakafiwa vya kukinga mvua, na birika la kuihifadhia. Yeye alikulia kwa maji ya jabia. Alijua mvua ya kwanza huachwa ioshe uwanja. Alijua birika lifunikwe lisiingie jua wala mbu. Maji ya mvua hayajagusa mwamba, na kwa hiyo floraidi haimo, au imo kwa uchache usiodhuru. Katika kikapu kizima kilichotoka pwani, hicho alichokijua tangu utotoni ndicho kilichohitajika Nakuru.

Fedha tulizokuwa tumezitenga kwa kuingia hifadhi ya Ziwa Nakuru kuwatazama heroe tulizichanganya na za shemeji, zikanunua michirizi ya bati na tangi la plastiki lenye kifuniko. Binti alisema si kitu, yeye heroe amekwisha kuwaona na wenzake wa shule. Tangi lilifungwa siku mbili kabla ya safari yetu ya kurudi. Maji ya kisima yakaachiwa kuoga, kufua na kutawadha. Ya mvua yakawa ya kunywa na kupikia, nayo huchemshwa kwanza, maana juu ya paa hutua ndege.

Wasomaji wetu, kwa faida ya kila nyumba tumeyakusanya haya machache:

Kwanza, mwenye ndugu anayeishi Nakuru, Gilgil, Njoro, Elementaita au Baringo amhimize apime maji ya kisima chake katika maabara kabla ya kuchimbua sababu nyingine za meno ya watoto.

Pili, mtoto wa chini ya miaka mitatu atiwe dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele, na aliye mkubwa zaidi kiasi cha punje ya mbaazi, afundishwe kutema na asiimeze.

Tatu, mswaki ni sunna na ni usafi. Utumike kwa wepesi, ukatwe ncha mpya kila mara, wala usitwikwe kazi isiyo yake.

Nne, tusidhani kwamba kasoro hizi ni za bara tu. Wanja wa mawe tunaowapaka watoto machoni baadhi yake una madini ya risasi, yanayodhuru akili ya mtoto. Piko nyeusi inayochanganywa na hina imewachoma ngozi maharusi wetu wengi. Hina ya majani haichori nyeusi. Floraidi ya Nakuru ni ya asili, risasi ya wanja ni ya asili, na sumu ya mbegu ya mbarika ni ya asili. Neno hilo peke yake halitoshi kutuondolea wajibu wa kuuliza kitu kimetoka wapi na kinafanya nini mwilini.

Tano, tusimhukumu mama kwa sura ya mwanawe.

Tunapoandika haya dada yetu amepiga simu. Siku hizi hupiga mara mbili kwa juma. Mvulana amefikisha miezi sita, na uji wake wa kwanza umepikwa kwa maji ya mvua ya Nakuru. Meno ya dadake yako vilevile, na yatakuwa vilevile kwa miaka kadhaa ijayo. Bi Mkubwa ametayarisha kikapu kingine cha kupeleka. Mna mafuta ya nazi, tende na karafuu. Mswaki umo. Ndimu zimo pia, ila safari hii zimeandikiwa karatasi: za achari.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu wa pwani na wa bara, na atujaalie tuulize kabla ya kulaumu. Wassalaam.